Mama Wawili, Mstari Mmoja

Bosi wangu alikuwa mtani wangu, na hilo ndilo lililotuponza. Kabila lake na kabila la baba yangu ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu utani una sheria zake. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya mchumba wako. Anaweza kujilaza kwenye kaburi la baba yako akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Na wewe unatakiwa ucheke. Ukikasirika umeshindwa, unatozwa faini. Mimi hasira zangu ziko karibu tangu utotoni, kwa hiyo nimeshatoa kuku wengi sana.

Alikuwa na kinu cha kukoboa mpunga na ghala kubwa pale Makanyagio, mjini Mpanda. Wakulima wa Mpimbwe, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama, walileta mpunga wao baada ya mavuno, wakauhifadhi kwake, wakaja kuuchukua bei ikipanda au shida ikiingia. Mimi nilikuwa karani mkuu. Nilisomea kompyuta Mbeya, nikarudi na cheti changu, na maneno ya kwanza ya bosi kwangu yalikuwa, "Haya, tumepata binti wa watani. Sasa ghala litaibiwa kitaalamu." Nikamjibu kwamba mwizi haibiwi. Akacheka mpaka akakohoa. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, tukitukanana tangu asubuhi hadi jioni, na watu wakisema ofisi yetu ina raha.

Mama yangu alikuwa mmoja wa wakulima hao. Hapa nieleze taratibu, maana yote yanatokea hapa. Baba alikuwa na wake wawili. Mkubwa alimuoa kanisani, kwa shela na kwaya. Mama yangu alimuoa baadaye kwa mahari tu, na padri hakutaka hata kusikia habari zake. Jumapili wenzake wakienda kukomunika yeye alibaki kwenye benchi, mikono mapajani, anaangalia visigino vya watu. Na kwa kuwa Mungu naye anapenda utani kuliko sisi, wote wawili walibatizwa kwa jina la mtakatifu mmoja. Jina moja la ubatizo, jina moja la mume, kijiji kimoja, na simu moja, ya baba, kwa sababu baba hakuona mwanamke anahitaji simu ya nini.

Kitu pekee kilichomtenga mama na mke mwenzie kilikuwa shamba. Baba alimgawia kipande chake cha bondeni mwaka aliomleta pale, na mama alikilima mwenyewe, akavuna mwenyewe, akaleta magunia yake ghalani akiwa ameyafunga midomo kwa vipande vya kanga yake kuukuu ya bluu. Alipanda mpunga wa kunukia, ule ambao watu wengi wameuacha kwa sababu unazaa kidogo. Ukipikwa nyumba ya tatu wanajua.

Kwenye ukoo wetu mume akifa, siku ya kumaliza tanga kila mjane huwalisha watu kwa mchele wa shamba lake. Wa dukani haukubaliki, wala wa kuomba. Mchele huo ndio ushahidi. Ukoo ukishaula, umekiri mbele ya watu kwamba shamba ni lako na nyumba ni yako mpaka ufe. Mjane asiyelisha hurudishwa kwao kama mgeni aliyepitiliza siku zake. Mama, ambaye hakuwa na cheti cha ndoa wala kwaya, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila msimu aliacha magunia kadhaa ghalani bila kuyagusa, hata miaka ile tuliyokunywa uji wa chumvi. Nikimuuliza ni ya nini ananijibu, "Ya baba yako." Mimi, mjinga, nilidhani anazungumzia mapenzi.

Kwenye madaftari ya zamani hakukuwa na shida. Niliandika jina lile, halafu pembeni "mkubwa" au "mdogo", na maisha yakaendelea. Lakini bosi alichoka na madaftari. Panya walikuwa wanayala, na tajiri mwenzie wa mtaa wa Kashaulili alishaanza kujisifu kwamba ana kompyuta. Basi akamleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye viatu vya ngozi ambavyo vumbi la pumba liliviua siku ya kwanza. Akatuuzia mfumo wa kutunzia kumbukumbu, ule unaotumiwa na kampuni kubwa. Mfumo wenyewe ulikuwa kama nyumba iliyopauliwa tu: unajikinga mvua, basi. Milango, madirisha na makufuli ni vya hiari, na kila kimoja unakilipia kila mwaka.

Tukakaa ofisini kuchagua. Bosi kwenye kiti chake, mtaalamu na kompyuta yake, mimi pembeni, na vijana wa mizani wamejazana mlangoni kusikiliza, maana bosi akiwa na mgeni huwa ni sinema ya bure.

Cha kwanza kilikuwa nakala ya pili. Kumbukumbu zetu zote zikae pia kwenye mashine nyingine, mji mwingine, ili yetu ikiungua kazi isisimame. Bosi alikubali kabla kijana hajamaliza sentensi. Umeme wa mtaa ule ulishamuunguzia mota ya kinu, na aliililia ile mota kuliko alivyomlilia mjomba wake.

Cha pili kilikuwa kuzifunga kumbukumbu kwa siri, ili mtu akiiba mashine asiweze kusoma kitu.

"Mpunga una siri gani?" bosi akauliza. Kikapita.

Cha tatu kilikuwa kuyagawa majedwali makubwa vipandevipande ili yasomeke haraka. Hapo yule kijana, Mungu ambariki, alisema ukweli. "Mzee, hiki ni cha kampuni zenye mamilioni ya wateja. Nyie hamkihitaji."

Loo! Mwambie tajiri wa Mpanda kwamba kitu fulani ni cha wakubwa na yeye hakihitaji, umeshamuuzia. "Weka," bosi akasema, akiangalia mlangoni kama vijana wamesikia. "Tena weka na kinachofuata."

Kilichofuata kilikuwa cha kuunganisha wanaofanana. Mfumo unapita kwenye orodha ya wakulima. Ukiwakuta wenye jina moja, kijiji kimoja na simu moja, unahesabu kwamba ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, unawaweka kwenye mstari mmoja na kujumlisha mali zao. Bosi alipiga makofi. Alikuwa amewachoka wakulima waliojiandikisha upya kila msimu kwa sababu wamesahau kwamba wameshaandikwa.

Mimi nikakitazama cha mwisho kwenye skrini, cha kurudisha nyuma. Hicho kinatunza hali ya kila siku jinsi ilivyokuwa. Ukikosea leo unaweza kuiona jana, ukairudisha.

"Hivi viwili ni pacha," nikasema. "Ukichukua cha kuunganisha lazima uchukue na cha kurudisha nyuma. Kikiunganisha vibaya tutatenganisha kwa kutumia nini?"

"Dada yuko sahihi," mtaalamu akasema.

"Nyuma nirudi kufanya nini?" bosi akasema. "Nyuma kuna umaskini." Mlangoni wakacheka.

"Bosi, hawa ni watu wetu. Wanachangia simu. Wanachangia majina. Wanachangia hata waume."

"Ahaa!" Akapiga meza kwa kiganja. "Sema hivyo basi! Binti wa mke mdogo anaogopa mama yake atapotelea kwa mkubwa! Si ndiyo kazi ya mke mdogo hiyo, kujificha nyuma ya mwenzie?"

Wakaangua kicheko wote. Hata mtaalamu, ambaye hakuelewa, alicheka kwa adabu. Na mimi ningefanyaje? Mtani kasema. Nikamrudishia kwamba siku akifa yeye tutamuunganisha na punda, maana meno yanafanana na hakuna mfumo utakaowatofautisha. Kicheko kikaongezeka. Katikati ya kicheko hicho bosi, machozi yakimtoka, akamwonyesha mtaalamu kwa kidole: hiki ndiyo, hiki hapana. Shauri likawa limekwisha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini hawakusema usaha wenyewe utatumbukia kwa nani.

Kesho yake nilimfuata kwenye gari lake kabla hajashuka. Nikampa shikamoo ya heshima, nikamwambia, "Bosi, leo si utani. Naomba tuchukue kile cha kurudisha nyuma. Nakuomba kama mfanyakazi wako."

Akanitazama kwa furaha kabisa, furaha ya mtu aliyeshinda. "Mtani hana siku ya 'leo si utani'," akasema. "Umekasirika. Kuku!"

Na kweli kuku nilimtoa. Akapikwa palepale nyuma ya ghala, tukamla mchana, bosi akanipa firigisi kwa mkono wake mwenyewe.

Nimekaa na mifumo muda mrefu sasa, na kila ninapoona watu wanachagua vitu hivi vya hiari huwa nasikia swali lilelile: kinafanya nini? Hilo ni swali la muuzaji. Mwenye akili anauliza siku kitu hicho kikikosekana nani atalia. Bosi alipotajiwa nakala ya pili aliiona mota yake, akalipa. Alipotajiwa kurudisha nyuma hakumuona mtu yeyote anayemjua akilia, ingawa mimi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Baba alikufa baada ya mavuno, ghafla, akiwa anafunga ng'ombe. Nikaomba ruhusa. Siwezi kumsingizia bosi kwenye msiba: alitoa lori la kubebea watu, alitoa sukari, na aliwaleta watani wa kabila lake wakaja kufanya vituko vyao kaburini kama inavyotakiwa, wakamlaumu marehemu kwa kufa na madeni ya kuku. Hata mama mkubwa, yule mke wa kanisani, alicheka katikati ya kulia. Ilikuwa mazishi mazuri.

Lakini nilipokuwa nikishinda kule kijijini na kanga ya msiba kiunoni, bosi aliona ofisi imetulia na kazi ni chache, akampigia mtaalamu simu. "Safisha orodha," akamwambia. Mtaalamu akasafisha. Mstari wa mama yangu ukaingia kwenye mstari wa mama mkubwa kama maji kwenye maji.

Sikulijua hilo. Nilikuwa naosha masufuria ya msiba.

Siku chache baada ya mazishi mama mkubwa alisema anakwenda Mpanda kuchukua mpunga wake wa kulishia tanga. Mama yangu hakuweza kutoka, mila za eda zilimfunga ndani. Mkubwa yeye alisema padri ameshamfungulia. Akachukua simu ya marehemu, akapanda Noah ya abiria, akaenda. Kijana wa dirishani alifungua mfumo, akaona jina moja na jumla kubwa. Alinisimulia baadaye, bila hila, kwamba alimuuliza, "Mama, unachukua yote haya?" Naye akajibu, "Yote." Wakampakilia. Vile vitambaa vya bluu mama mkubwa alikuwa ameviona kila msimu kwenye mkokoteni uleule uliobeba magunia yake. Aliviona vikipandishwa kwenye gari kimoja baada ya kingine, akakaa kimya.

Mama yangu alipofunguliwa eda, siku ya kumaliza tanga ilikuwa imekaribia sana. Nikaja naye Mpanda. Tulipita hifadhini mbung'o wakitung'ata kupitia nguo, na mama hakulalamika hata mara moja. Alikuwa amekunja magunia matupu ya kuwekea mchele baada ya kukoboa, ameyabana kwapani. Njia nzima alikuwa anapanga: gunia hili la kulisha, hili la wazee kubeba, hili la masista, hata kama padri hamtaki.

Niliingia ofisini, nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua mfumo. Mama alisimama upande wa pili wa dirisha pamoja na wateja wengine, hakutaka upendeleo. Nikaandika jina. Ukaja mstari mmoja. Sifuri.

Nikatafuta kwa namba yake ya uandikishaji. Haipo. Nikatafuta kwa kijiji. Mstari mmoja uleule. Nikatafuta tena, kana kwamba kompyuta ni mtoto mtukutu atakayesema ukweli akiulizwa mara ya pili. Nilipoinua macho mama alikuwa ananitazama kwa fahari. Hakuwahi kuniona nikiitumia kompyuta. Nilimsikia akimwambia mwanamke aliyekuwa nyuma yake, "Huyo ni wangu."

"Subiri kidogo mama," nikamwambia.

Nikampigia mtaalamu. Nikamwambia atafute kwenye ile nakala ya pili, si ipo mji mwingine, si ndiyo maana tunailipia? Akasema taratibu, "Dada, nakala ya pili inaiga ya kwanza papo hapo. Ukiharibu hapo, imeharibika na kule. Ningekuwa na kile cha kurudisha nyuma ningekuonyesha hali ya kabla sijasafisha. Hamkukichukua."

Nikamuuliza risiti je. Nililijua jibu wakati nauliza. Mfumo mpya hautoi karatasi, na madaftari ya zamani yalishaishia kwa panya. Ukileta magunia unapokea meseji, na meseji zote za mama zilikwenda kwenye simu ya baba, na simu ya baba ilikuwa kwenye mkoba wa mama mkubwa.

Bosi alitokea kutoka kinuni, nywele nyeupe kwa vumbi. Nikamweleza pale pale dirishani, mbele ya mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Akaangalia skrini. Akamwangalia mama. Niliona usoni mwake, kwa muda mfupi kabisa, kwamba ameelewa. Halafu akafanya alichokizoea. Akafungua mikono, akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "Shemeji yangu! Padri alikataa kukufungisha ndoa miaka yote, kompyuta yangu imekufungisha bure! Sasa wewe na mwenzio ni mwili mmoja!"

Foleni ikacheka. Na mama yangu, mjane, amebana magunia matupu kwapani, alicheka. Alicheka kwa sababu mtani kasema na mama hakuwa na kuku wa kutoa faini. Alicheka vizuri, kwa meno, kichwa kimeinamishwa kidogo kama anavyotakiwa. Mimi hadi leo bosi nimemsamehe mengi, lakini kile kicheko cha mama sijamsamehe, na sitamsamehe.

Nilipomfuata ofisini na mlango umefungwa, bosi aliacha utani kwa mara ya kwanza. Nilijuta kwamba ameuacha. "Mpunga umetoka kwa jina lililopo," akasema. "Nikikurudishia wewe, kesho kila mke mdogo wa Mpimbwe atakuja kudai amemezwa na kompyuta. Nitafunga ghala." Nikamwambia nadai magunia ya mama yangu peke yake. Akasema, "Kila mtu ana mama."

Basi nikanunua mchele sokoni Kashaulili, mzuri, mweupe, nikaupakia, tukarudi nao. Mama aliniambia hautakubaliwa. Nikamwambia mchele ni mchele.

Siku ya kumaliza tanga ukoo ulikaa uani. Mama mkubwa alitoa mchele wake, tena mwingi, watu wakashangilia. Kisha baba mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyebaki na neno kwenye ukoo, akaja kwenye gunia la mama. Akafungua, akachota kiganjani, akaupuliza. Hakuna hata chenga moja ya pumba. Akasema, "Huu umetoka dukani."

"Umenunuliwa na mimi, baba mdogo," nikasema. "Wake umechukuliwa ghalani kimakosa."

"Mjane halishi ukoo kwa mshahara wa binti yake," akasema, bila ukali. "Shamba lake limezaa nini?"

Wakati huo mama alikuwa jikoni. Walikuwa wamempanga kwenye mafiga, asaidie kupika mchele wa mwenzie. Alipofunua sufuria harufu ikatoka, ikaja hadi uani, na kila mtu mzima pale akaijua, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine kijijini aliyepanda mpunga ule. Mama alisimama na mwiko mkononi. Alikuwa anapika magunia yake mwenyewe, ya miaka yote ya uji wa chumvi, na yanapakuliwa kwa jina la mwingine.

Sikuvumilia. Nikapiga kelele kwamba huo mchele ni wa mama yangu, unukeni, nyie si mna pua? Kuna wazee walioangalia chini. Baba mdogo akamgeukia mama mkubwa. Naye akasafisha mikono kwenye kanga yake polepole, akaniangalia mimi, hakumwangalia mama.

"Kompyuta ilisema ni wangu," akasema. "Sikuiba mimi. Niliulizwa nikajibu. Kama kompyuta ni mwongo, si ni wewe mwanangu unayeifanyia kazi?"

Baba mdogo akaniuliza, "Ni kweli mashine imesema hivyo?" Nikasema ni kweli imesema, lakini. Hakusubiri lakini yangu. Kwake yeye, binti aliyesomeshwa ameshatoa ushahidi.

Wakala. Walikula vizuri, wakasifia harufu. Jioni wakamwambia mama kwamba wanamshukuru kwa kumtunza ndugu yao, na kwamba shamba la bondeni litarudi nyumba kubwa. Mwanamke mmoja akampa mama mchele uliobaki kwenye beseni, kama anavyopewa jirani aliyekuja kusaidia kupika. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema ahsante.

Alihamia kwangu Kawajense, hapohapo Mpanda, na mfuko mmoja. Mtu akiniuliza kwa nini sikuacha kazi, namuuliza mama angekula nini. Niliendelea kwenda Makanyagio, bosi akaendelea kunitania, nami nikaendelea kumjibu, ila majibu yangu yalikuwa mafupi, na vijana wa mizani hawakuja tena mlangoni kusikiliza.

Mwaka ulipokwisha mtaalamu alirudi, maana vile vya hiari hulipiwa upya. Bosi aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, kiti chake ameniachia mimi. "Mtani," akasema, "mwaka huu chagua wewe. Mimi nitatia sahihi tu." Nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Watani hawana namna nyingine. Nikafuta kile cha vipandevipande. Nikafuta cha kuunganisha. Nikachukua cha kurudisha nyuma. Bosi akatia sahihi bila kutania, na sikumcheka.

Jioni nilimkuta mama uani anachagua mchele wa dukani kwenye ungo, anatafuta mawe ambayo hayapo. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia tumekinunua.

Mkono ukasimama kwenye ungo. "Kwa hiyo sasa inaweza kurudi nyuma?"

"Inaweza, mama."

"Mpaka msiba wa baba yako?"

Nikamweleza. Kinatunza kuanzia siku kilipowekwa. Kinarudi mpaka leo hii, hakiendi zaidi. Ya kabla ya hapo hakiyajui. Nilieleza haraka, kwa maneno mengi, kama muuzaji. Kisha nikatoa kwenye mkoba simu niliyomnunulia, ndogo, ya vitufe, ikiwa na laini yake mwenyewe. "Nitakuandikisha upya," nikamwambia. "Mstari wako peke yako, simu yako peke yako. Hakuna atakayekuchanganya na mtu."

Akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaiweka kwenye mchele.

"Uniandikie magunia gani?" akauliza. "Sina shamba."

Halafu akacheka, kichwa kimeinamishwa kidogo, kicheko kilekile cha dirishani, akaniangalia akisubiri na mimi nicheke.